Tundu moja, ganda mbalimbali: risasi za kuwindia za zamani na za sasa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Konde, Pemba, baada ya sala ya laasiri, vijana ambao hawakuwahi kufika wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, pale nilipokwenda kombo nimenyoosha kidogo tu.

Mwalimu ahsante kwa kutupa darasa la skuli, sheha ahsante, wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, na kina mama kule nyuma nakuoneni, karibuni na wala msiogope, hapa mezani hakuna risasi ya kweli hata moja. Hizi ni mbao. Nilikwenda Wete kwa yule fundi anaekereza miguu ya vitanda nikampa vipimo kwa milimita, akanikerezea risasi 11 za saizi yake khasa kwa mti wa mfenesi, ganda kaliacha na umanjano wake wa mfenesi na kichwa kakipaka rangi nyeusi, ili muone ganda linaishia wapi na kichwa kinaanzia wapi. Zitapita mkono kwa mkono. Zishikeni, zipimeni kwa kidole, maana mengi nitakayosema leo mkono utayafahamu kabla ya sikio.

Nimekuja kwa sababu ya swali. Kuna kijana wa hapa hapa anataka kwenda Bara kufanya kazi kwenye uwindaji wa kitalii kama nilivyofanya mie miaka 17, kwanza mfuata nyayo na baadae mbeba bunduki, akaniuliza, mzee, nasikia zimetoka risasi mpya za tundu la mtutu lile lile la zamani na zile za zamani zimeshakufa, ni kweli? Nikamjibu njiani kwa haraka haraka, halafu usiku sikulala vizuri, nikaona jibu nililompa halikumtosha.

Hapa kwetu hatuna mnyama wa risasi hizi, tusidanganyane. Tuna paa chesi msitu wa Ngezi, huyo ni wa kuachwa aishi, na tuna nguruwe wanaotuchimbia mihogo, na wasasi wetu wanamjua kwa mbwa na mkuki. Lakini bunduki kwetu si kitu kigeni. Karne ya 19 pembe za ndovu zikishuka pwani na bunduki zikipanda bara, na bandari yake kubwa ilikuwa Unguja. Zilikuwa gobori zile, unamimina baruti mdomoni, unashindilia kitambaa, unatia gololi ya risasi, unaweka fataki, unapiga moja halafu unaanza upya huku mnyama anakutazama. Ndo maana mpaka leo neno letu risasi lina kazi tatu, ni yale madini yenyewe, ni kile kinachoruka, na ni kitu kizima unachokitia ndani ya bunduki. Leo nikisema risasi nakusudia kitu kizima. Kinachoruka nitakiita kichwa. Ganda ni ile shaba ya manjano inayobeba baruti, bega lake ni pale linapopungua unene kwenda kwenye shingo inayoshika kichwa, na tako lake ndo lenye fataki katikati.

Sasa sikilizeni, neno langu la leo ni moja. Watu wakigombana juu ya risasi za tundu moja, ya zamani na ya sasa, wanagombania kichwa, na kichwa mara nyingi ni kile kile, kipenyo kile kile, uzito ule ule. Kilichobadilika ni ganda. Ganda ni kibaba na baruti ndo mchele wake. Ukitaka kuijua risasi usiulize ipi kali, uliza aliyelikata ganda lile kwa urefu ule na bega lile alikuwa na baruti gani, bunduki gani, na anawinda nchi ya namna gani. Ukishajua hivyo ugomvi wenyewe unapungua nusu.

Kabla ya kwenda mbali, majina ya risasi yanapoteza watu sana. Hii inaitwa 6.5 lakini kichwa chake ni milimita 6.7. Ile Waingereza waliyoiita .275 Rigby ni 7x57 ya Mjerumani Mauser, yaani tundu milimita 7 na ganda milimita 57, kitu kimoja majina mawili, na kichwa chake ni .284 ya inchi. Sababu ni kwamba ndani ya mtutu mna mifereji iliyozunguka, wengine wakipima tundu kabla ya mifereji na wengine wakipima mpaka chini ya mifereji, kila mmoja na jina lake. Kwa hiyo .303 ya Waingereza na .308 ya Wamarekani usije ukasema ni ndugu kwa vile namba zinakaribiana, vichwa vyake havifanani kipenyo. Ukiwa mbeba bunduki soma maandishi kwenye tako la ganda, kila moja, hata kama umetoa kwenye boksi jipya, na maandishi ya mtutu nayo usome. Risasi inayokaribia kuingia ni hatari kuliko isiyoingia kabisa.

Haya, chukueni hizi mbili za kwanza.

Hii ndefu ni 6.5x55 ya Swidi. Swidi na Norwe zilikuwa bado zina muungano, wakakaa pamoja wakaitengeneza 1891 na 1894 ikawa risasi ya jeshi. Hii fupi ni 6.5 Creedmoor, imetoka 2007 kwa kampuni ya Hornady ya Marekani, iliundwa kwa mashindano ya shabaha za mbali na baadae wawindaji wakaichukua. Fumba macho, shika vichwa tu, hujui ipi ni ipi. Teremsha kidole taratibu mpaka begani kwenye ganda, hapo utajua. Ganda la Swidi lina milimita 55, la Creedmoor 48.8. Risasi nzima ya Swidi inafika milimita 80, Creedmoor karibu 72.

Kwa nini wameifupisha? Kwa sababu bunduki za siku hizi nyingi zimetengenezwa na bolti fupi, kile chuma unachokivuta nyuma kutoa ganda na kukisukuma mbele kutia risasi, ya saizi ya .308, na ile .308 yenyewe ilitoka 1952 kwa sababu baruti zilikuwa zimekuwa bora, kazi iliyokuwa inataka ganda la milimita 63 la .30-06 ya 1906 ikakaribia kufanywa na ganda la 51. Bolti fupi, bunduki nyepesi kidogo, mkono unarudi hatua fupi. Basi hawa wa Creedmoor walitaka kichwa kirefu chembamba kikae ndani ya magazini fupi, kile kisanduku cha risasi cha bunduki, bila kusukumwa chini kikala nafasi ya baruti. Wakafupisha ganda, bega wakalisimamisha, mwili wakaunyoosha, shingo ikabaki ndefu ya kushika kichwa vizuri. Hiyo ni kazi ya akili na nawapa haki yao.

Lakini sasa tazama jambo ambalo watu hawalisemi. Mnaijua pia? Mtoto akizungusha pia fupi nene inasimama hata kwa mzunguko mdogo, pia ndefu nyembamba isipozungushwa kwa kasi inaanguka. Kichwa cha risasi hivyo hivyo, kikiwa kirefu kinataka mifereji inayozunguka haraka. Creedmoor mifereji yake inamaliza duru moja kila inchi 8, ambayo ni milimita 203. Ile ya Swidi ya 1894 inamaliza kila milimita 200. Yaani wale wazee walishajua! Kichwa chao cha kwanza kilikuwa kirefu cha gramu 10 cha pua ya mviringo na wakakipa mzunguko wake, miaka mia na ushee baadae wengine wakarudi pale pale wakaita jambo jipya. Mimi hili linanigusa kila nikilifikiri.

Na nguvu? Vitabu vya Marekani vinaipa Creedmoor presha ya gesi ya baruti ya pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, tairi la gari lina pauni 30 na kitu, muone wenyewe. Ya Swidi wameipa 51,000 tu. Mtu akiona namba hizo anasema ya zamani dhaifu. Siyo ganda lililo dhaifu. Ni kwamba bado ziko bunduki za miaka ya 1890 zinazopigwa mpaka leo, chuma cha zamani, viwanda vikaogopa zisije zikapasuka mikononi mwa watu, wakazipunguza risasi. Kibaba cha Swidi kinachukua baruti zaidi kidogo kuliko cha Creedmoor, ukiiweka kwenye bunduki mpya madhubuti na risasi za viwanda vya Ulaya zinafanana, kichwa cha gramu 9 kinatoka mita 820 hivi kwa sekunde. Waswidi wanapigia mnyama wao mkubwa wa pembe bapa ambae dume lake linapita kilo 400, kila mwaka, bila ya kelele.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye upepo na masafa. Nyie watu wa bahari, kusi likivuma unajua chombo chembamba chenye tumbo laini kinapasua na kile cha tumbo pana kinasukumwa pembeni. Kichwa chembamba cha ncha kali kinashika mwendo wake mbali na upepo haukipeleki sana. Mita 100 hutaona kitu. Mita 500 utaona, na hapo Creedmoor na vichwa vyake vya kisasa inampa raha mpiga shabaha, kwa sababu bunduki zake zote zimechongwa kwa vichwa vile tokea kiwandani. Lakini mie nimefanya kazi kwenye miombo ya Selous, mbele yako mti, nyuma ya mti kichaka, mnyama unamuona kwa hatua 60, 80, zikizidi sana 120. Mwenye 6.5 ya 1894 na mwenye ya 2007 walirudi kambini na nyama sawa.

Nije kwenye 7. Hizi mbili nyingine, 7x57 Mauser ya 1892 na 7mm-08 Remington ya 1980. Hadithi ni ile ile, ganda la 7mm-08 ni la .308 lililobanwa shingo likakubali kichwa cha milimita 7. Fupi, inafaa bolti fupi, viwanda vinaipa presha kubwa kuliko mzee wake kwa sababu ile ile niliyosema, kichwa cha gramu 9 kinapita kidogo mita 850 kwa sekunde na cha 7x57 ya Marekani karibu 810. Vichwa vyepesi 7mm-08 inashinda. Vichwa vizito virefu, vile vya gramu 11 alivyoanza navyo Mauser, 7x57 ina raha yake, ganda refu halibanwi na kichwa, na mifereji yake ya asili inazunguka haraka zaidi.

Mtu aliyeipa jina 7x57 barani kwetu ni Walter Bell, Mskochi, wakimwita Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa hii hii ndogo mnayoishika. Simsifu kwa idadi ile, tembo wale walikuwa wakimalizwa kwa biashara ya pembe, na pwani hii ililila donge lake. Ninachosema ni kwamba alikuwa anajua ubongo wa tembo umekaa wapi, alikipasua kichwa cha tembo kwa msumeno akatazama, na kichwa cha risasi kirefu kigumu kinakwenda moja kwa moja na hakipindi. Wengine wakajaribu kumuiga bila kujua anachokijua yeye, wakafa.

Na kuna jambo langu mwenyewe juu ya 7x57 ambalo vitabu vya wazungu haviliandiki. Kambini sisi Waislamu tukila nyama iliyochinjwa. Kwa hiyo mnyama wa nyama ya kambi akipigwa, kuna mtu anakimbia na kisu kabla roho haijatoka, na mtu huyo nilikuwa mie. Nimekimbilia swala pala wengi sana. Kulikuwa na mwindaji bingwa mmoja mzee, yaani yule anaewaongoza wageni porini, yeye nyama ya kambi alikuwa hapigi ila kwa .275 yake ya zamani, hatua 70, taratibu, kichwa kizito kinachokwenda polepole. Nikifika swala kalala, macho bado yana mwanga, pumzi iko, bismillahi allahu akbar, na bega zima ukilichuna safi, tundu dogo la kuingilia na tundu kama shilingi la kutokea. Halafu akija mgeni na magnum ya milimita 7, yaani risasi ya ganda kubwa na baruti nyingi, ile Remington ya 1962 au hizi mpya zaidi, akapiga swala kwa hatua 60 na kichwa chepesi kinachokimbia mita 950, nafika mnyama ameshakata roho, bega limekuwa damu iliyovilia mpaka shingoni, kilo nyingi za nyama zinakwenda kwa fisi, na sisi jioni ile tunakula maharage. Magnum ile haikuumbwa kwa hatua 60. Iliumbwa kwa mabonde mapana ya Marekani, mita 300, 400, mwendo umeshapungua kichwa kinapofika. Pale Selous ilikuwa imepotea njia.

Hapo hapo nitaje 7mm PRC ya 2022, ambayo kijana wangu aliisikia. Ganda halina ule mkanda wa shaba juu ya tako, mifereji inazunguka kila inchi 8, imetengenezwa tokea mwanzo kwa vichwa virefu vya gramu 11 na zaidi kwenda kasi. Ile ya 1962 mkanda wake ni urithi tu wa babu yake .375 H&H, kazi ya mkanda ule nitaieleza sasa hivi.

Nipeni ile .375. Ahsante.

Tazameni ilivyokuwa nyembamba kwenda juu, kama koni, bega lenyewe hulioni ulipoanzia. Hii ni .375 Holland & Holland Magnum, London, 1912. Mtu akiitazama leo anasema ina uchoyo wa nafasi, ganda milimita 72 na mwili umechongwa umepungua, baruti ngapi zimepotea! Lakini mwaka 1912 baruti yao ilikuwa kordaiti. Kordaiti haikuwa chenga, ilikuwa nyuzi, ukiikata ganda inamwagika kama tambi, tambi zetu hizi za Ramadhani kabla hazijakaangwa. Ilikuwa inatiwa fungu zima ndani ya ganda kabla shingo haijabanwa. Na kordaiti ilikuwa na tabia moja mbaya, ikipata joto presha inapanda. Bunduki iliyojaribiwa Uingereza kwenye baridi inakuja huku, Rufiji, au Bara Hindi, jua la saa saba, presha inapanda, shaba inavimba inashika kuta za chemba, kile chumba cha mtutu inapokaa risasi, ganda halitoki. Sasa ganda lililochongwa koni likivutwa kidogo tu limeshaachana na ukuta. Lililonyooka linasugua njia nzima. Ndo maana ya umbo lile! Na kwa vile bega ni laini haliwezi kuizuia risasi isizame ndani ya chemba, wakaweka mkanda pale chini uizuie.

Hii ya pili ni .375 Ruger, 2007. Kichwa kile kile cha gramu 19.4. Ganda milimita 65.5, mwili umenyooka, mkanda hakuna, unene wa mwili mzima ni kama unene wa mkanda wa babu yake. Kwa hiyo ni fupi lakini inabeba baruti zaidi kidogo, inaingia kwenye bolti ya kawaida ya saizi ya .30-06, na mtutu mfupi kidogo bado inampita mzee mwendo, viwanda vinasema mita 810 kwa sekunde na mzee 770. Kwa uhandisi Ruger imeshinda, sina ubishi. Ila nimekuwa kambini mwaka ambao begi la risasi la mgeni lilipotea njiani kwenye ndege. Alikuwa na H&H. Kambi ya jirani walikuwa na boksi mbili, akawinda. Angekuja na Ruger mwaka ule angekaa kitako siku nne anatazama viboko. Nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 kuwa ndo ya chini kwa wanyama wa hatari, na kwa zaidi ya miaka 100 H&H ndo iliyokuwa imejaa makabati.

Hili la joto naomba nilikalie kidogo kwa sababu nimeliona kwa macho.

Zile mbili nene ni .416. Hii kubwa kama ndizi mzuzu ni Rigby ya 1911. Ile nyembamba ni Remington ya 1988. Zote zinatupa kichwa cha gramu 26 kwa mita 730 hivi, mnyama hawezi kuzitofautisha. Rigby inafanya hivyo kwa chumba kikubwa na presha chini ya pauni 50,000 kwa kipimo cha Ulaya, Remington inafanya kwa chumba kidogo na presha inayopita 60,000. Faida ya Remington ni kwamba haihitaji ile bolti kubwa ya gharama, na wembamba wake unakupa nafasi ya risasi zaidi kwenye magazini.

Oktoba moja, Selous, kabla sehemu yake haijawa Hifadhi ya Nyerere, tulikuwa na mgeni mwenye .416 Remington nzuri sana, na risasi zake hazikuwa za kiwandani, alipakiliwa na fundi wa kwao, fundi kazijaza mpaka mwisho kule kwao kwenye baridi. Risasi tano zilikaa juu ya deshibodi ya Land Cruiser tokea asubuhi, kioo kinapiga jua. Nilipozichukua kumtilia magazini zilikuwa zinaunguza vidole, nakumbuka nilizishika kwa shuka yangu. Na sikusema kitu. Hatua 50, mbogo dume pembeni ya mto mkavu, mgeni akapiga, mbogo akayumba, akageuka akatutazama. Mgeni akainua bolti. Haikuinuka. Akaipiga kwa kiganja, haikuinuka. Nasikia mpaka leo ile sauti ya kiganja juu ya chuma, pa, pa, na mbogo kasimama pale na damu puani. Mwindaji bingwa alikuwa na Rigby ya zamani, akapiga ya kwanza na bolti yake ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta, akapiga ya pili, mbogo akalala hatua 30 kutoka tulipo.

Jioni nikalitoa lile ganda kwa ufito wa kusafishia, nikaligongea kutoka mdomoni mwa mtutu. Kwenye tako palikuwa na alama ya kung'ara, duara dogo, shaba imesukumwa mpaka imeingia kwenye kitundu cha bolti. Ile ni alama ya presha kupita kiasi. Si kosa la jina lililoandikwa kwenye tako, risasi za kiwanda za aina ile nimeona zikifanya kazi Oktoba hiyo hiyo bila tatizo, na baruti nyingi za siku hizi zimetengenezwa zisibabaishwe na joto. Kosa ni deshibodi, na fundi aliyejaza hakuacha nafasi ya jua, na mie niliyenyamaza. Lakini wale wa 1911 waliiacha nafasi hiyo ndani ya ganda lenyewe, kabla mtu hajakosea. Tokea siku ile risasi za wageni nilikuwa nazitia kwenye mfuko wa kitambaa, chini ya kiti, kivulini, na nikimuona mtu kazianika juani namwambia, awe nani.

.458 nitaipitia haraka. Winchester waliitoa 1956, zile bunduki kubwa za mitutu miwili zilikuwa ghali na risasi zake zinaadimika, wakasema tunakupeni nguvu ile ile ndani ya bunduki ya bei ya kawaida. Wazo zuri. Ila ganda wamelikata milimita 63.5 na kichwa ni gramu 32, kirefu kinaingia ndani sana, baruti ikabidi ishindiliwe. Miaka ikipita kwenye joto baruti iliyoshindiliwa ikawa inagandamana kama sukari iliyoingia unyevu, haiwaki sawasawa, na mbele yako tembo. Jack Lott, Mmarekani aliyewahi kujeruhiwa na mbogo Msumbiji 1959, akaja na ganda refu zaidi, milimita 71, ndo hii .458 Lott ya 1971, na bunduki yake inakubali hata zile fupi ukikosa. Wekeni hizi mbili pamoja na 6.5 mbili za mwanzo mtaona, Creedmoor ilifupishwa na nafasi ya kichwa ikahesabiwa, .458 ilifupishwa na nafasi ya kichwa ikasahauliwa.

Na ya mwisho, ya 11, sina mwenzake wa kumlinganisha, lakini siwezi kuiacha kwa sababu ni kama ya nyumbani. 9.3x62, ya Mjerumani Otto Bock wa Berlin, 1905. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na walowezi wa makoloni yao ya Afrika walitaka bunduki moja ya bei nafuu, bolti ya kawaida ya Mauser, itakayowatosha kuanzia swala mpaka mbogo. Akawapa hii, kichwa gramu 18.5, mita 720. Mtu akiniambia .375 Ruger imevumbua kutia nguvu kubwa ndani ya bolti ya kawaida, mie namuonesha hii kimya kimya.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika mawili. Bi mkubwa mmoja kashika Rigby ya mbao akauliza, mwanangu, hii bega halivunjiki? Nikamwambia bibi, teke linatoka kwenye uzito wa kichwa, mwendo wake, na wingi wa baruti, halafu uzito wa bunduki unalipunguza. Hizo .416 mbili ukizipiga kwa bunduki za uzito mmoja teke lao karibu sawa, ila wapigaji wengi wanasema la Rigby linasukuma na la Remington linachapa. Bunduki zake zina kilo nne na nusu, tano, siyo bure.

Na kijana wangu, mwenye swali la mwanzo, akasimama tena, basi mzee ungechagua ipi? Nikamwambia wewe hutachagua, utabeba ya mgeni, kwa hiyo zijue zote. Lakini kwa kuwa ameuliza, kwa nyama ya kambi 7x57 na kichwa kizito, kwa mbogo .375 H&H, na kama kazi yake itampeleka nchi ya wazi kule kaskazini ambako swala anaonekana mita 300, achukue Creedmoor na asione haya mbele ya mzee yeyote. Akauliza na hizi za mbao? Hizi zinabaki kwa mwalimu hapa skuli, kabatini, atakaetaka kuzishika aje wakati wowote. Aliyenayo ile Lott naomba aipitishe mstari wa pili, wazee wale hawajaiona.